Mguu wa Kuazima

Ikifika adhuhuri, mguu wangu wa kushoto ulikuwa unaswali.

Mimi mwenyewe ni Mwanglikana wa Muheza, nimebatizwa nikiwa mchanga, na kwenye kwaya ya akina mama naimba sauti ya pili. Lakini mguu ulikuwa na mambo yake. Muadhini akishamaliza tu, hapo hapo nilipo mezani na pasi mkononi, soksi inanibana kuanzia kifundoni mpaka chini ya goti. Inabana taratibu, inakaa hivyo kwa muda, kisha inalegea. Inabana tena, inalegea. Mara nne, bila pupa, kama mtu anayejua anazungumza na nani. Kisha inatulia kabisa, nami najua kwamba huko aliko huyo mtu wangu amekaa juu ya mswala anaomba dua.

"Mmeshamaliza?" Yeremia mume wangu aliniuliza siku moja kutoka kibarazani, alikokuwa anamenya chungwa.

"Mguu umemaliza. Mimi bado nina kanzu."

"Basi uuambie mguu utuombee na sisi mvua."

Ndivyo alivyo, mdomo haumwishi. Lakini kila jioni ndiye aliyenivua soksi ile kwa mikono miwili, akaikunja, akaiweka juu ya kabati mahali ambapo zamani tulikuwa tunaweka picha ya harusi yetu. Aliiheshimu kuliko picha.

Ngoja nieleze, maana nikiendelea hivi utaniona nimechanganyikiwa. Kazi yangu ni udobi. Miaka hii kila nyumba ina mashine ya kunyoosha, unatupia shati huku linatokea kule limekunjwa. Lakini kanzu yenye tarizi shingoni ukiipa mashine, inakurudishia tambara la deki. Kwa hiyo kanzu za Ijumaa za nusu ya mji zinakuja kwangu, na Alhamisi nzima mimi ni wa kusimama. Nimesimama hivyo tangu usichana. Mishipa inayorudisha damu juu ina vilango vidogo vya kuizuia isiporomoke, na vya kwangu vililegea kimoja baada ya kingine. Mguu ukavimba, ngozi ikawa nyeusi na ngumu, halafu juu ya kifundo upande wa ndani pakafunguka donda ndugu. Wanaolijua wanajua. Linanuka. Kanisani nilihamia benchi la mwisho karibu na mlango kabla mtu hajaniomba nihame.

Soksi ndiyo iliyolifunga. Na soksi yenyewe haikuwa na dawa yoyote ndani yake. Ilikuwa na adabu ya mguu wa mtu mwingine.

Mguu mzima una adabu, ndivyo alivyonieleza Hizza, yule kijana mpimaji wa kliniki ya miguu kule Tanga mjini. Ukisimama, damu inashuka. Ngozi ya mguu mzima inahisi inazidiwa, basi mishipa yake midogo inajibana yenyewe, inasema inatosha, msiongeze. Ngozi yangu ilikuwa imeacha kusikia. Damu inajaa tele, na bado ngozi inakufa njaa. Nikamwambia Hizza hilo haliniingii akilini. Akasema, "Mama, umewahi kuona ukumbi wa harusi umejaa wageni mpaka mtu wa sinia hawezi kupita? Watu wapo wengi na hakuna anayekula." Hapo nikaelewa.

Kwa hiyo mtu mwenye mguu mzima anavaa soksi pacha. Akisimama, soksi yake inaona ngozi yake inavyojibana, inatuma amri, na yangu inaifikisha kwenye ngozi yangu. Akikaa, amri inakoma, nami natakiwa nikae. Tunaitwa jozi. Na sheria ya kwanza ya jozi ni kwamba hatujuani. Wanasema mwanzoni watu walijuana, ikawa shida, huyu anampelekea mwenzake kuku, yule anaona haya kwenda kulala mapema. Basi wakafunga mlango.

Lakini unaweza kuficha jina la mtu usimfiche mtu. Nilijua ni mwanamke. Kila mwezi zile swala zilikatika kwa siku kadhaa, soksi ikawa inabana ovyo ovyo tu kama kwa mtu wa kazi za kawaida, halafu swala zinarudi. Mwanamke yeyote aliyekulia mtaa wetu hahitaji kuambiwa maana yake. Nikampa jina, Somo. Asubuhi nikivaa soksi nasema, "Haya Somo, tumeamka." Nilimshukuru kila siku, na sikuona haya kumshukuru kwa sauti.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonisumbua. Jioni za Alhamisi Somo alikuwa hakai. Soksi inabana, inabana, mpaka nazima pasi. Nami kwa kuwa mwenzangu amesimama, sikuthubutu kukaa. Unakaaje? Mtu kakuazima mguu wake, kasimama kwa ajili yako, halafu wewe unavuta kigoda? Ni sawa na kuacha chakula sahanini na aliyekupakulia anakutazama. Basi nikapiga pasi hata kanzu ambazo zingengoja kesho.

*

Halafu mwezi mmoja swala hazikukatika.

Mwezi wa pili nao hazikukatika. Nilikuwa natia wanga kola huku natabasamu peke yangu. Sikumwambia hata Yeremia, maana mimba changa haitangazwi, hata kama ni ya mtu usiyemjua sura.

Baadaye kikaja kitu kingine. Muadhini anamaliza, soksi inabana kidogo, nadhani hapo anatawadha, kisha inalegea na haibani tena mpaka muda wa swala upite. Adhuhuri hivyo, alasiri hivyo, magharibi hivyo. Somo alikuwa anaswali amekaa. Na ajabu ni kwamba jioni za Alhamisi bado alisimama nami mpaka mwisho, ila ule mbano ulikuwa umekuwa mzito kuamka, kama mtu anayeitikia akiwa usingizini.

Zamu yangu ya kupimwa ilipofika nilipanda treni ya asubuhi kwenda Tanga na moyo hautulii.

"Shikamoo mama," Hizza alisema. "Lala chali. Na tafadhali, leo usipige soga."

"Marahaba. Kwani jana nilikuchosha?"

"Jana hukuwepo."

"Ndiyo maana hukuchoka."

Akacheka, akanibandikia kijiwe cha kioo juu ya kovu. Ndani yake mna mwanga mwekundu usiochoma. Mwanga unazama kwenye ngozi kidogo tu, unagonga chembe za damu zinazopita, unarudi na habari kama zinapita nyingi au chache, kwa kasi au kwa kujikokota. Ukutani habari hiyo inakuwa mstari. Kuzungumza kunauchezesha mstari, kucheka ndiyo kabisa, hata chumba kikiwa baridi mstari unasema uongo. Nikafunga mdomo, na mimi kufunga mdomo ni kazi kuliko kupiga pasi.

Hizza alitazama saa ukutani, akasubiri mpaka soksi ilipobana. "Amesimama. Na wewe simama."

Nikasimama. Siku zote mstari ulikuwa unashuka papo hapo, kama ndoo inayoteremshwa kisimani. Safari hii ulijivuta. Ukashuka nusu, ukasita, ukapanda kidogo, ukashuka tena. Hizza alizima soksi, akaniambia nilale, nisimame tena bila msaada. Mstari haukushuka kabisa. Akaiwasha, ukajivuta vile vile.

"Tatizo si mguu wako," alisema polepole. "Wewe uko kama ulivyokuwa. Amri ndiyo inafika imechoka. Mguu wa mwenzio umeanza kuvimba."

"Mguu gani, wa kushoto?"

"Soksi ni ya kushoto."

"Yeye hapimwi?"

"Watoaji ni wazima, mama. Wanapimwa mara moja kwa mwaka."

Nikakaa kitandani. "Hizza mwanangu, huyo mtu ana mimba."

Mkanda wa gundi ulimdondoka mkononi. Akaenda kufunga mlango. "Umemjua vipi? Nani kakwambia? Mama, hii ni—"

"Nimeambiwa na mguu." Nikamweleza. Nilipofika kwenye habari ya kila mwezi akainamisha uso mpaka kidevu kikagusa shati, kijana wa watu, lakini nilimaliza maana hapakuwa na njia nyingine ya kulisema. Nilipofika kwenye swala za kukaa akainua uso, na haya zote zilikuwa zimemtoka.

"Anaswali amekaa tangu lini?"

"Majuma kadhaa."

Alizunguka chumba. Alisimama mbele ya mstari ukutani akautazama kama vile utamsaidia kujibu.

"Sikiliza mama. Hayo uliyoniambia nimeyasikia kama sijayasikia. Nikiyaandika, mashine ya kliniki inakata jozi hapo hapo. Hainiulizi mimi wala daktari. Unarudi mwisho wa foleni, na foleni unaijua. Kovu lako bado changa. Nipe miezi mitatu tu likomae, halafu useme. Miezi mitatu."

"Na yeye?"

"Wajawazito wengi miguu huvimba. Pengine si kitu."

"Na pengine?"

"Pengine damu imeanza kuganda kwenye mshipa mkubwa ndani. Ikiganda, halafu kipande kikapanda kifuani…"

"Si umpigie simu basi? Mwambie tu aje kupimwa."

"Simu haitoki bila sababu kuandikwa, na sababu ikiandikwa ndiyo hivyo. Waliitengeneza mashine iwe kali kwa ajili ya kuwalinda watoaji, wasibembelezwe na mtu. Hawakufikiria kwamba atakayejua wa kwanza ni wewe." Akanitazama. "Mimi sitakulazimisha. Mguu ni wako."

Nikamwambia nitamjibu kesho. Njia nzima kwenye treni soksi ilinibana na kulegea, inabana, inalegea, na kila ilipobana nilisema moyoni, kaa chini, kaa chini mwanangu.

*

"Usiseme," Yeremia alisema.

Hakunyanyua hata sauti. Alikuwa na chungwa mkononi, ganda limening'inia, kisu kimesimama.

"Baba Kandida—"

"Usiseme. Miezi mitatu Hizza amekupa mwenyewe, na yeye ndiye msomi wa miguu. Pengine si kitu, si ndivyo alivyosema?"

"Na pengine ni kitu."

"Mimi huyo mtu simjui, Mungu ambariki na mimba yake. Ninayemjua ni wewe. Nani alikuwa anakisafisha kile kidonda? Kila asubuhi, maji ya chumvi na kitambaa, na wewe umeuma kanga ili majirani wasisikie. Nilikuwa natoka hapa nakwenda nyuma ya choo, unadhani nakwenda kuvuta sigara? Nilikuwa nakwenda kulia, mama. Sasa unataka turudi huko?"

Hasira zikanipanda, maana alikuwa anasema kweli na mimi pia nilikuwa nasema kweli. Nikaingia ndani nikawasha pasi. Ilikuwa Alhamisi, magharibi imeshapita, na rundo lilikuwa linaningoja.

Nilipiga kanzu ya kwanza kwa nguvu kama vile ndiyo iliyonikosea. Soksi ilikuwa inabana, kule kubana kuzito. Mtu aliyeswali amekaa muda mfupi uliopita, sasa amesimama. Kwa nini? Nikachoka moyo, nikavuta kigoda nikakaa. Ndiyo kwanza nimekaa, soksi ikalegea.

Nikasema, ah, naye kachoka. Nikanyanyuka kuchukua kopo la maji. Ikabana.

Nikakaa. Ikalegea.

Nikasimama tena, na safari hii nilisimama nikiomba isibane. Ikachelewa. Ikachelewa sana, mpaka nikafikiri amelala. Halafu ikabana, kidogo, dhaifu, ya mtu anayejinyanyua kwa kushika ukuta.

"Kaa chini!" nilipiga kelele, nimeinamia mguu wangu mwenyewe. "Wewe mtoto wa watu wewe, nani kakutuma? Kaa chini, hujionei huruma? Kaa, nakwambia!"

Nilikuwa nalia bila kujijua. Nikajitupa kwenye kigoda ili naye akae, na soksi ikalegea, na sikuelewa anajuaje. Nilipoinua macho, Yeremia alikuwa mlangoni. Chungwa lake alikuwa amelibana mkononi mpaka maji yanamtiririka kwenye kiwiko. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

Alikuja akaizima pasi. Akachuchumaa, akanivua soksi kwa mikono miwili kama kawaida yake, akaikunja. Hakwenda kuiweka kabatini. Aliishika tu.

"Ana nguvu ya kusimama kwa ajili yako mpaka lini?" aliuliza.

"Sijui."

"Basi kesho treni ya asubuhi tunakwenda wote."

*

Hizza aliandika kwa kidole kimoja, neno baada ya neno, kama mtu anayengoja aambiwe aache. Hatukumwambia aache. Alipomaliza alisema, "Wanampigia sasa hivi. Ambulansi inamfuata."

Nilikuwa nimesimama. Soksi ilikuwa imebana wakati ule, sijui Somo alikuwa wapi, jikoni kwake au kazini. Kisha ikalegea. Nilizoea kulegea kwake, inalegea huku bado iko macho, unahisi kwamba kuna mtu upande wa pili. Mara hii ililegea ikawa kitambaa.

Nililia mbele ya kijana wa watu na mbele ya mume wangu. Niliumia kama niliyefiwa, ingawa nilichofanya nilikijua na ningekifanya tena. Yeremia alinishika mkono mpaka stesheni, na kwenye treni alinunua njugu akala peke yake akiniangalia, maana mimi nilizikataa.

Baada ya hapo tukaanza maisha ya bendeji. Yeremia alijifunza kuifunga, kaza chini, legeza juu, na akaifunga kila alfajiri kabla sijakanyaga sakafu. Nililala na mguu juu ya mto. Nilipiga pasi nimekaa, kazi ya ajabu, unatembeza pasi usawa wa kidevu, na kanzu za watu zilitoka na mikunjo ambayo dobi wa heshima asingeikubali. Wateja walivumilia, Mungu awape mema. Mwezi wa pili ngozi juu ya kifundo ilipasuka, mpasuko mdogo mfano wa punje ya mchele. Tuliutazama, Yeremia na mimi. Ukafunga. Ukapasuka tena, ukafunga.

Lakini kilichonitesa zaidi kilikuwa adhuhuri. Muadhini anaadhini, anamaliza, na mguu uko kimya. Nilimkosa mtu nisiyemjua hata jina. Hatukuambiwa kama alifika, kama alikuwa mzima, kama mimba ilikuwepo bado. Siku moja, adhana imekwisha, nikashtukia nimesimama. Nikakaa. Nikasimama tena, nikakaa. Mara nne, kwa mwendo wake yule wa taratibu niliouzoea, nikimtaja. Midomoni nasema Baba Yetu, kwa sababu ndiyo niliyo nayo, lakini dua ilikuwa ya Somo. Kesho yake nikafanya hivyo tena, na alasiri, na magharibi. Ikawa ndiyo ada yangu.

"Padri akikuona atakuandikia barua," Yeremia alisema.

"Padri na aje. Atanikuta nasema Baba Yetu."

Akacheka. Siku chache baadaye nilimwona naye anavua kofia kila adhana inapokwisha, anangoja nimalize.

*

Hizza alituita mwezi wa nne. Zamu ya soksi haikuwa imefika, alisema anataka tu kuona mguu unaendeleaje. Alinikalisha kwenye kiti pekee kilichokuwa chumbani, Yeremia akabaki nje kwenye benchi. Akafungua bendeji, akalitazama kovu, akanibandikia kile kijiwe cha kioo. Mwanga mwekundu ukawaka. Mstari ukatokea ukutani.

"Ngoja utulie kwanza," alisema. Akajikuna shingo. "Mama, kuna mtu anaomba kukuona. Jozi ikishakatika, sheria inaruhusu mkikubali wote wawili. Yeye amekubali. Amekubali tangu siku ya kwanza."

Moyo ulinipiga mpaka mstari ukaruka. "Mlete."

Mlango ukafunguliwa, tumbo likaingia kwanza, halafu mwenyewe. Mwanamke wa umri wa mwanangu Kandida, mfupi, amejifunga mtandio wa rangi ya udongo, mkono mmoja kiunoni. Alinitazama usoni, akanitazama mguuni, akanitazama tena usoni.

"Shikamoo mama. Naitwa Mwantumu. Nafundisha shule ya msingi Pangani."

Nilikuwa nimeshasimama. Nani atabaki amekaa mbele ya mwenye tumbo kama lile? "Marahaba mwanangu. Njoo ukae hapa."

"Hapana mama, kaa wewe."

"Mimi nimekaa vya kutosha. Kaa."

"Mama, wewe ndiye mwenye mguu mbovu. Siwezi kukaa wewe umesimama, sikulelewa hivyo." Akaguna, akajishika mgongo, na hakukaa. "Walinipata siku ile ile. Damu ilikuwa imeganda hapa kwenye paja. Daktari alisema ningengoja kidogo… Nachoma sindano kila siku mpaka nijifungue. Mtoto hana neno, anapiga mateke kama punda. Nimekuja kusema asante, mama. Nimeifanyia mazoezi njia nzima na sasa maneno yote yamenikimbia. Asante."

"Asante ni yangu! Wewe ndiye uliyenifunga kidonda. Wewe ndiye uliyenirudisha benchi la mbele." Sauti ilinikatika, nikaiacha ikatike. "Lakini niambie, kwa nini? Mguu unavimba, unaswali umekaa, halafu Alhamisi unasimama jioni nzima?"

Mwantumu alinishangaa. "Si kwa ajili ya taa?"

"Taa gani?"

"Soksi yangu ilikuwa na kitaa kidogo hapa kifundoni. Mimi nikisimama na wewe ukasimama, kinawaka kijani. Nikikaa na wewe bado umesimama, kinawaka chekundu mpaka utakapokaa. Mama, nitakaaje mwenzangu mgonjwa amesimama na taa inaniangalia? Nilikuwa najiambia, huyu mama wa watu ana kazi, ngoja amalize. Namngoja akae. Hakai!"

Nikaduwaa. "Nilikuwa nasimama kwa sababu wewe umesimama."

"Na mimi nilisimama kwa sababu wewe umesimama."

"Nilikuwa napiga pasi mpaka nguo za Jumanne!"

"Nilikuwa nasahihisha madaftari juu ya friji!"

Tukaangua kicheko. Tulicheka mpaka Yeremia akachungulia mlangoni, tulicheka tumeshikana mikono, yeye kajishika tumbo, mimi machozi yananitoka. Hizza alikuwa anajitetea kwamba taa ile ilikuwa ya kuonyesha kama soksi zimeunganika tu, kwamba watoaji wote huambiwa waishi kama kawaida yao, na hakuna aliyemsikiliza. Waliotengeneza soksi ile walifikiria damu na mwanga na sheria. Hawakufikiria wanawake wawili waliofunzwa na mama zao kutokaa kabla ya mgeni.

"Haya, yamekwisha," nilisema nikijifuta. "Kaa sasa."

"Ukikaa wewe."

"Mwantumu!"

"Mama Kandida," Hizza alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tafadhali usikae."

"Ndiyo, mwambie na wewe—"

"Usikae. Usicheke. Simama hivyo hivyo."

Alikuwa anautazama ukuta. Sote tukageuka. Kijiwe kilikuwa bado mguuni kwangu, tulikuwa tumekisahau. Mstari ulikuwa umeruka wakati wa kicheko, umepanda na kushuka hovyo, na sasa tulipotulia ulikuwa unatulia nao. Ukateremka. Ukasita, ukateremka tena kidogo, ukakaa huko chini.

"Soksi iko wapi?" Hizza aliuliza, ingawa alijua.

"Kabatini Muheza," Yeremia alijibu kutoka mlangoni.

"Nani anamtumia amri?"

Hizza alisogea mpaka pua inakaribia kugusa ukuta. "Si mguu mzima huu," alisema. "Ni nusu yake, au pungufu. Bendeji ataendelea nayo. Lakini umejibana wenyewe. Mama, umekuwa ukiufanya nini?"

Niliona haya kusema mbele ya Mwantumu. Yeremia ndiye aliyesema. "Kila adhana ikiisha anasimama na kukaa, anasimama na kukaa. Tangu siku ile mlipokata. Anasema anamwombea mwenzake."

Mwantumu alinitazama. Nikamshika bega nikamsogeza kwenye kiti.

"Kaa, Somo. Umenisimamisha vya kutosha."

Bado alisita. Kwa mazoea alisogeza mguu wa kushoto mbele, akainama pembeni ya tumbo lake kukitazama kifundo. Hapakuwa na soksi, wala taa.

Ndipo akakaa. Mimi nikabaki nimesimama.